Dereva Mlevi Akamatwe, Sindano Imsubiri Hakimu

Kila gari linapopanda ukingo wa barabara usiku na kuwaua watu waliokuwa wakienda zao, kauli moja hurudi: dereva yeyote anayekamatwa kwa ulevi atolewe damu, atake asitake. Utaisikia redioni asubuhi, ndani ya matatu, hata kwenye matanga ya aliyeuawa. Uchungu unaoizaa kauli hiyo naujua na ninaushiriki. Kenya huzika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote kati yao ni watembea kwa miguu, watu ambao hawakuwa na usukani mkononi wala mkanda kifuani. Lakini dawa inayopendekezwa ni mbovu. Haitawaokoa hao watembea kwa miguu. Itavunja haki ambayo ikishavunjwa kwa mlevi imevunjwa kwa kila mtu, na gharama yake italipwa na watu wengi ambao hawajawahi kuonja pombe.

Kabla ya kuipinga hoja hii, niieleze kama wenyewe wanavyoieleza, maana si ya kipuuzi na wanaoishikilia si watu wabaya. Wanasema dereva mlevi ni mtu aliyebeba silaha. Wanasema pombe huyeyuka mwilini kila dakika, kwa hiyo kila dakika ya kubishana ni zawadi kwa mhalifu. Wanasema kipima pumzi kimeshindwa: mawakili wamekipiga vita mahakamani mpaka kikapoteza heshima, ilhali damu haisemi uongo. Wanasema kuendesha gari si haki ya kuzaliwa nayo. Aliyechukua leseni amekubali masharti ya barabara, na kutoa damu kuwe moja ya masharti hayo. Wanasema asiyekunywa hana cha kuogopa. Na mwisho wanasema, kwa sauti ya watu waliochoka, kwamba namba inayotoka maabara haiwezi kununuliwa kwa kitu kidogo kando ya barabara.

Ya kwanza naikubali bila masharti. Dereva mlevi ni hatari, na akamatwe. Ni hizo nyingine ninazozikataa, moja baada ya nyingine.

1. "Pombe haimngoji hakimu"

Ni kweli haimngoji, lakini huondoka polepole kuliko tunavyoambiwa. Mwili wa mtu mzima kwa kawaida huondoa kati ya miligramu 10 na 20 za alkoholi katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Kanuni za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha miligramu 80. Tanzania nayo ina kikomo hicho hicho. Chukua dereva aliyekamatwa saa saba usiku akiwa na 150, karibu mara mbili ya kikomo. Saa kumi alfajiri bado atakuwa na 90 au zaidi. Mlevi wa kweli, yule tunayemhofia sote, haponyoki kwa nusu saa ya kumtafuta hakimu.

Tazama sasa muda unapotelea wapi hasa. Trafiki amemsimamisha dereva Mtito Andei, karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa. Kipima pumzi kinatoa jibu hapo hapo, dereva akiwa bado amesimama kando ya gari lake. Damu je? Kwanza atafutwe mtu mwenye ujuzi wa kuitoa, usiku huo huo. Dereva apelekwe aliko, asajiliwe, angoje nyuma ya majeruhi na wajawazito. Askari wawili au watatu waondoke barabarani kumlinda, na magari mengine yaendelee kupita bila mtu wa kuyasimamisha. Kisha chupa isafiri hadi kwa Mkemia wa Serikali, ambaye maabara zake ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu. Anayelalamika kwamba muda unakwenda amechagua njia inayokula muda kuliko zote, halafu lawama anamtupia hakimu.

Na hakimu huyo si lazima awe mbali. Hoja hii ya pombe inayoyeyuka imekwisha kupimwa mahakamani, na ilishindwa. Mwaka 2010, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, polisi walimsimamisha dereva aitwaye McNeely baada ya saa nane usiku. Alikataa kupuliza kipima pumzi, akapelekwa hospitali, akatolewa damu bila ridhaa yake na bila kibali cha mahakama. Jimbo lilijitetea kwa maneno tunayoyasikia huku: pombe huyeyuka, kwa hiyo kila kesi ya ulevi ni dharura. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa. Ilisema kuyeyuka kwa pombe peke yake hakutoshi kuifanya kila kesi kuwa dharura. Pale polisi wanapoweza kupata kibali bila ushahidi kuharibika, sharti wakitafute. Jaji Mkuu John Roberts alieleza katika maoni yake kwamba huko Utah vibali vilikuwa vimetolewa kwa njia ya kielektroniki ndani ya dakika tano, na kwamba katika kaunti moja ya Kansas vilirudishwa kwa barua pepe chini ya dakika 15. Mahakama za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao Julai 2020. Katika nchi inayolipa nauli, karo na mahari kwa simu, hakimu wa zamu anayejibu ombi la polisi usiku ni jambo la kupangwa tu. Halijapangwa kwa sababu hakuna aliyelidai, na wanaodai sindano ndio waliopaswa kulidai kwanza.

2. "Damu haisemi uongo"

Damu haisemi chochote. Wanaosema ni watu: aliyesafisha ngozi, aliyechoma sindano, aliyeandika jina kwenye chupa, aliyeibeba, aliyeihifadhi, aliyeipima. Palipo na mikono sita pana nafasi sita za kukosea, na mahali pengine nafasi sita za kununuliwa.

Ngozi ikisafishwa kwa spiriti, kama ilivyo desturi ya kliniki nyingi, tayari wakili ana swali lake la kwanza. Chupa yenyewe inatakiwa iwe na sodiamu floridi ya kutosha ili kuzuia vijidudu. Ikikosa, na ikakaa kwenye joto, hamira iliyoingia humo inaweza kuchachua sukari ya damu na kutengeneza alkoholi ambayo dereva hakuinywa. Fikiria chupa hiyo ikingoja gari la polisi Lodwar au Garissa, umeme umepotea na jokofu la zahanati limezima. Tena hospitali inapopima alkoholi kwa ajili ya matibabu, mara nyingi hupima seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishatenganishwa na chembe zake. Alkoholi hufuata maji, na seramu ina maji mengi kuliko damu nzima, kwa hiyo jibu hutoka juu zaidi. Mtu aliye chini ya 80 anaweza kusomeka yuko juu yake, na pasiwe na mtu yeyote aliyedanganya. Tofauti hiyo mkemia anaijua. Je, anaijua kiongozi wa mashtaka wa mahakama ndogo? Anaijua mshtakiwa asiye na wakili?

Kisha kuna aliyetia saini. Huko New Mexico, Marekani, dereva aitwaye Bullcoming alihukumiwa kwa ripoti ya maabara iliyoonyesha damu yake ina 210, zaidi ya mara mbili na nusu ya kikomo. Mchambuzi aliyeipima na kutia saini hakufika mahakamani. Alikuwa amepewa likizo bila malipo kwa sababu ambayo haikuelezwa, na mwenzake ambaye hakuigusa damu ile wala kushuhudia ikipimwa akaletwa kusema kwa niaba yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hapana: mshtakiwa ana haki ya kumhoji yule aliyethibitisha. Sheria yetu ya ushahidi inaruhusu ripoti ya mkemia ipokelewe bila yeye kuja, lakini inamruhusu hakimu kumwita ahojiwe. Mwenye pesa atamlipa wakili aombe mkemia aitwe, kesi iahirishwe, iahirishwe tena. Dereva wa bodaboda atakiri kosa asubuhi hiyo hiyo ili arudi kazini. Kipimo kile kile kitazaa haki mbili.

Lakini udhaifu mkubwa wa hoja hii uko kwingine kabisa. Alcoblow, kipima pumzi cha trafiki, iliingia barabarani kwetu Desemba 2013, na usiku wa wikendi ukabadilika. Watu waliacha magari kwenye maegesho ya baa, teksi zikapata kazi, wake na waume wakaanza kuulizana nani ataendesha. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikazitangua zile kanuni za 2011. Wengi walielewa kwamba mashine imeshindwa, na tangu hapo wanatafuta kipimo kisichoshindwa. Hawakuusoma uamuzi. Walichosema majaji ni kwamba kanuni zilikwenda kinyume na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kifungu cha 44 hakikusema kwamba mwenye namba fulani ana hatia. Kilimtia hatiani yule aliyelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Kanuni zilikuwa zimetunga kosa la namba, kosa ambalo Bunge halikulitunga.

Sasa iondoe pumzi, weka damu. Maabara imeleta 200, chupa ilikuwa safi, mkemia amekuja, kila saini iko mahali pake. Kwa kifungu hicho kama majaji walivyokisoma, bado upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba mtu yule hakuweza kulimudu gari. Swali lililoiangusha pumzi linaisubiri damu pale pale. Sheria iliyoandikwa vibaya haiponi kwa kubadilisha kipimo, na Bunge lenye uwezo wa kuirekebisha kwa aya moja halina sababu ya kuwatuma askari na sindano wafanye kazi yake.

3. "Aliyechukua leseni amekwisha kukubali"

Watetezi wa hoja hii, hasa wanasheria, hupenda kutaja kesi ya Schmerber ya mwaka 1966. Ni kweli Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali damu ya dereva itolewe bila ridhaa yake. Tatizo ni kwamba huishia hapo. Kura zilikuwa tano kwa nne. Schmerber alikuwa amepata ajali na yuko hospitali akitibiwa. Aliyemtoa damu alikuwa daktari. Na muda ulikuwa umekwisha kutumika kuchunguza ajali na kumfikisha hospitali. Jaji Brennan, aliyeandika uamuzi, alisisitiza kwamba anaamua kwa mazingira ya kesi ile tu, na kwamba kuruhusu kuingiliwa kidogo kwa mwili chini ya masharti makali si kuruhusu kuingiliwa zaidi ya hapo, wala chini ya masharti mengine.

Majimbo hayakusikia. Kwa miaka 50 yalipanua mlango huo, na North Dakota ikafika mahali pa kulifanya kosa la jinai hata kule kukataa kutoa damu. Mwaka 2016, katika kesi ya Birchfield, mahakama ile ile iliweka mpaka ambao sisi tungeuchukua bila kupitia miaka yote hiyo. Kupima pumzi baada ya kukamatwa, ikasema, ni sawa bila kibali, na anayekataa kupuliza anaweza kuadhibiwa. Damu ni jambo jingine. Inatoboa ngozi, inachukua sehemu ya mwili, na kinachobaki mkononi mwa serikali kinaweza kueleza mambo mengi zaidi ya pombe. Kwa hiyo damu inahitaji kibali, na huwezi kumhesabia mtu kwamba amekubali kutobolewa kwa sababu tu aliendesha gari barabarani.

Katiba yetu ya 2010 inafika mahali hapo kwa njia fupi zaidi. Ibara ya 28 inalinda utu wa kila mtu. Ibara ya 31 inakataza mwili wa mtu kupekuliwa hivi hivi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Wanasheria na wabishane kama damu inaingia humo, lakini wabishane kabla ya sindano, si baada yake. Muhimu kuliko zote hapa ni ibara ya 24. Inakubali haki zipunguzwe, ila inauliza swali moja ambalo watetezi wa damu ya lazima hawajalijibu: je, ipo njia nyingine ya kufikia lengo lile lile kwa kuumiza haki kidogo zaidi? Ipo. Inashikika mkononi, na trafiki tayari wanajua kuitumia.

Na kuhusu hiyo ridhaa ya leseni, nasema hivi: mtu aliyekubali hahitaji kushikwa na askari wanne. Mara tu unapolazimika kumkandamiza kitandani, mmoja kashika bega na mwingine goti, umekiri kwa vitendo kwamba hakukubali. Anayetaka kuitetea picha hiyo na aitetee wazi, kama matumizi ya nguvu dhidi ya mwili wa raia, asiifiche nyuma ya kadi ya leseni.

4. "Asiye na hatia haogopi"

Hii ndiyo hoja inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inavutia watu wema.

Tarehe 26 Julai 2017, mpelelezi wa polisi wa Salt Lake City alifika katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah akitaka damu ya dereva wa lori aliyeungua vibaya na kupoteza fahamu. Muuguzi wa zamu, Alex Wubbels, alimsomea utaratibu wa hospitali: kuwe na kibali cha mahakama, au mgonjwa awe amekamatwa, au aridhie. Hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Mpelelezi akamkamata muuguzi, akamburura nje akipiga kelele, akamtia pingu na kumfungia ndani ya gari la polisi. Na yule dereva? Hakuwa mshukiwa wa lolote. Mtu aliyekuwa akiwakimbia polisi ndiye aliyeligonga lori lake. Dereva huyo wa lori alifariki Septemba mwaka huo. Mpelelezi alifukuzwa kazi, na muuguzi akalipwa dola 500,000 za fidia. Hapo ndipo polisi waliozoea kudai damu bila kuulizwa walipofika: kitandani pa mhanga, na mkononi mwa muuguzi aliyejaribu kumlinda.

Tusidhani ni mambo ya ugenini. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale wakituhumiwa kufanya mapenzi ya jinsia moja. Kwa amri ya hakimu walipelekwa hospitali Mombasa, wakapimwa sehemu zao za siri za nyuma, na damu yao ikapimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina B. Mahakama Kuu ilibariki upimaji ule mwaka 2016. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo na kusema utu wao ulivunjwa. Msomaji anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mashtaka yale, na hoja yangu inabaki palepale. Polisi wanapozoea kuutafuta ushahidi ndani ya mwili wa mtu hawabaki kwenye kosa moja. Hata amri ya hakimu, iliyotolewa bila kupimwa, haikuwalinda watu wale. Itakuwaje kwa mtu ambaye hata hakimu hayupo?

Asiye na hatia anacho cha kuogopa, basi. Damu yake ina hali yake ya virusi, mimba yake, kisukari chake, dawa anazomeza kwa siri ya mwajiri wake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 ilikataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi, kwa sababu tuliona jinsi siri moja ya maabara inavyoweza kuvunja ndoa na kumfukuzisha mtu nyumba. Chupa inayokaa kwenye kabati la kituo cha polisi haina kiapo cha daktari.

Tena kuna yule mwenye sindano. Muuguzi wa usiku katika hospitali ya kaunti ana wodi nzima mikononi mwake. Sheria ya damu ya lazima itamwambia aache mgonjwa, amchome mtu anayejipindua na kutapika, aliyeshikiliwa na watu wenye bunduki, naye ajihadhari sindano isimrudie kidoleni. Akikataa, amezuia kazi ya polisi. Akikubali, watu wa mtaa wake wamemwona. Majeruhi wa ajali ijayo, aliyekunywa bia mbili au asiyekunywa kitu, atapita mbali na hospitali ambayo amesikia inafanya kazi ya kituo cha polisi. Na wauguzi wakigoma? Mwaka 2017 waligoma kwa takriban miezi mitano. Sheria hiyo ingelala miezi mitano, au ingetekelezwa na mtu ambaye hajasomea kuchoma sindano.

5. "Maabara haihongwi"

Kwa ufupi. Rushwa ya barabarani hukua kadiri kitisho kinavyokua. Trafiki anayeweza kukuambia "puliza" ana kitisho cha dakika moja, na namba mnaiona nyote wawili. Trafiki anayeweza kukuambia "twende ukachomwe sindano, kisha ulale ndani hadi Jumatatu" ana kitisho cha siku tatu, na ushahidi wake hakuna atakayeuona kwa wiki kadhaa. Bei ya kuachiliwa itapanda. Wenye pesa watailipa papo hapo, na chupa zitakazofika maabara zitakuwa za wasio nayo.

6. Kinachomtia mlevi hofu

Nimeacha hili mwisho kwa sababu hapa ndipo maisha ya watu yalipo. Damu ya lazima huchukuliwa baada ya mtu kukamatwa, mara nyingi baada ya mtu mwingine kufa. Haijamzuia yeyote kuwasha gari. Anayeketi baa saa sita usiku hajiulizi kama ushahidi dhidi yake utakuwa pumzi au damu. Anajiuliza kama leo atasimamishwa.

Uingereza ililithibitisha hilo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1967, iliyosimamiwa na waziri Barbara Castle, iliweka kikomo cha 80 na kuanzisha kipima pumzi. Ajali za usiku wa wikendi zilishuka sana, kisha zikaanza kurudi. Mwanasosholojia H. Laurence Ross alichunguza kwa nini, na jibu lake likawa msingi wa utafiti mwingi uliofuata: madereva walidhani mwanzoni kwamba watakamatwa, halafu wakagundua kwa mazoea kwamba uwezekano ni mdogo. Sheria haikulegea. Kilichopotea ni uhakika wa kusimamishwa. Australia ilichukua funzo hilo. Desemba 1982 jimbo la New South Wales lilianza kuwasimamisha madereva wowote, bila kuwashuku, wapulize, na kuwapima kwa wingi mwaka baada ya mwaka. Vifo vilipungua kwa kasi, na kwa kuwa upimaji haukukoma, upungufu ulidumu. Ni pumzi iliyofanya hivyo.

Nasi tunalo la kwetu, tena kila abiria wa umri wangu analikumbuka. Februari 2004 waziri John Michuki alitia nguvu kanuni za matatu: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria waliokaa. Kwa miezi kadhaa barabara zilikuwa za nchi nyingine. Kanuni zile hazikufutwa wala adhabu hazikupunguzwa. Askari waliacha kuzisimamia, na yale yale yakarudi. Wanaodai damu wanataka adhabu na ushahidi viwe vikali zaidi mahali ambapo kinachokosekana ni mtu wa kusimama barabarani kila usiku.

Kwa hiyo Bunge na liandike kifungu kinachosema kwa namba, ndani ya Sheria ya Trafiki yenyewe na si katika kanuni za waziri, kwamba kuendesha ukiwa juu ya kikomo ni kosa. Liandike kwamba kukataa kupuliza ni kosa lenye uzito ule ule, ili anayekataa asipate faida. Vituo vya kupima viwe vingi na vihamehame, mashine zihakikiwe kwa tarehe zinazojulikana, na kila namba ihifadhiwe ndani ya mashine ili askari asiweze kuifuta kwa elfu mbili. Damu ibaki kwa kesi chache: pale mtu ameuawa au kuumizwa vibaya, pale dereva hawezi kupuliza, pale inashukiwa bangi au dawa ambayo pumzi haiionyeshi. Katika kesi hizo hakimu wa zamu aombwe kibali kwa simu, kibali kitaje kwamba kinachopimwa ni pombe na dawa tu, damu itolewe na mtaalamu, sehemu yake apewe mshtakiwa akaipime mwenyewe akitaka, na iliyobaki iteketezwe kesi ikiisha.

Wataniuliza nitamwambia nini mama ambaye mwanawe amegongwa na mlevi. Nitamwambia kwamba katika kesi ya mwanawe damu ya dereva yule itapatikana, kwa kibali, ikiwa imetolewa na kutunzwa kwa namna ambayo wakili hataweza kuibomoa. Na nitamwambia kwamba askari wanaotakiwa kumshikilia kila mlevi kitandani hospitalini ndio hao hao waliopaswa kuwa barabarani saa mbili kabla, na kipima pumzi mkononi, dereva yule alipokuwa akitoka baa.